Karatasi ya Shubiri

Shubiri ni neno lililozoeleka mno katika ushairi wa Kiswahili, hata wengi wanaolitumia hawajapata kuuona mmea wenyewe. Ni uchungu wa kuachwa, ni uchungu wa neno la rafiki lililotoka vibaya, ni dawa inayomezwa kwa macho yaliyofumbwa. Mama aliyetaka kumwachisha mwana ziwa alijipaka shubiri, na mtoto akajifunza kwa ulimi, kabla hajajua kusema, kwamba kitamu nacho huweza kugeuka. Washairi wakaongeza mchezo wao juu ya hayo. Waarabu huita uvumilivu sabri, na utomvu wa mmea huu sabiri, maneno mawili ya mzizi mmoja; Kiswahili kilipoyapokea kikayafanya subira na subiri, au shubiri, yakawa karibu vya kutosha kwa vina na mbali vya kutosha kwa fumbo.

Lakini shubiri ya washairi ni moja, ilhali mishubiri ni mingi. Wataalamu wa mimea wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa za Afrika, Madagaska na Bara Arabu. Imo iliyo mirefu kama miti, imo iliyotandaa juu ya miamba, na imo inayojificha ndani ya nyasi hata mchungaji wa mbuzi akaikanyaga asijue alichokanyaga. Katika hiyo inayojificha umo mmoja ambao makao yake ni magharibi ya Tanzania, mbali na bahari kadiri nchi inavyoruhusu mtu kuwa mbali na bahari. Haukutajwa na malenga yeyote wa pwani, na haielekei kwamba yuko aliyepata kuusikia.

Jina lake la kitaalamu ni Aloe bullockii. Alilitoa G. W. Reynolds mwaka 1961. Huyu Reynolds alikuwa mtu wa miwani kwa kazi yake ya kila siku huko Johannesburg, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mishubiri; alizunguka bara zima kwa gari akiitafuta, na mwaka 1966 akatoa kitabu kikubwa juu ya mishubiri ya Afrika ya kitropiki na Madagaska ambacho mpaka leo hakuna aandikaye juu ya mimea hii bila kukifungua. Jina la bullockii ni la kumheshimu A. A. Bullock, mtaalamu wa bustani ya Kew, Uingereza, aliyekusanya mimea magharibi ya Tanganyika katikati ya karne ya 20. Ndivyo desturi ya majina hayo ilivyo: mmea hubeba jina la mtu aliyeupeleka mbele ya mtu mwingine. Wale walioishi nao na kulima pembeni mwake tangu enzi za mababu hawamo katika jina.

Asiyeambiwa ataupita. Uko katika lile kundi la mishubiri yenye kitunguu ardhini. Majani yake hayafanani na yale manene yenye miiba ukingoni yanayopandwa bustanini Unguja na Mombasa kwa ajili ya nywele na vidonda. Ni membamba, ya kuchanganyikana na nyasi. Ndugu zake wengi wa kundi hili hupoteza majani wakati wa kiangazi, na kwa miezi kadhaa hakuna kinachoonekana juu ya ardhi. Kisha moto wa nyika ukishapita, ardhi ikiwa nyeusi na mvua bado ikisubiriwa, hutokeza kikonyo cha maua mekundu au ya manjano juu ya majivu. Moto hauwadhuru, kwa kuwa uhai wao umo chini. Jembe huwadhuru.

Hapa ndipo msomaji wa visiwani anapohitaji ramani kidogo. Mwaka 1952 sehemu za kwanza za kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Flora of Tropical East Africa, zilianza kutolewa huko Kew. Kazi hiyo ilikwisha mwaka 2012, baada ya miaka 60, ikiwa imeeleza aina zipatazo 12,000. Ili wasirudie majina marefu ya majimbo, wahariri waliigawa nchi kwa herufi na namba. Uganda ikawa U, Kenya ikawa K, Tanganyika ikawa T, kuanzia T1 hadi T8. Unguja ikapewa Z peke yake na Pemba ikapewa P, visiwa viwili vidogo vyenye herufi zao kama nchi kubwa, jambo ambalo wazee wa siasa za visiwani wangelipenda. Jimbo la Magharibi la wakati wa Waingereza, lenye Tabora, Kahama, Mpanda, Ufipa na Kigoma pamoja na Uha yote, likawa T4.

Aloe bullockii ni mmea wa T4. Namba hiyo ndogo imebeba nchi inayozidi ukubwa wa mataifa kadhaa. Ndani yake mna Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za Uha, zilizo kati ya mita 1,200 na 1,700 juu ya usawa wa bahari, zenye miyombo, mabonde ya majani marefu na mvua za msimu mmoja zinazoanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mashariki ardhi inateremka kuelekea mabwawa ya Moyowosi na Malagarasi, ambayo mwaka 2000 yaliandikishwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Magharibi ni Burundi, na lugha ya Kiha haitenganiki sana na Kirundi. Anayetaka kujua kama mshubiri wa kitunguu uliwahi kuonekana kwenye kilima fulani cha Kasulu, au kando ya njia fulani ya Kibondo, hawezi kupata jibu katika herufi na namba. Kitabu hutaja sampuli chache tu, basi. Mengine yote yamo katika karatasi.

Karatasi hizo zimewekwa katika hebaria, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa. Mmea hushindiliwa kati ya magazeti mpaka ukauke, kisha hubandikwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni hubandikwa lebo: jina, mahali, tarehe, mkusanyaji na namba yake, rangi ya ua, aina ya udongo. Mmea ukikauka hupoteza rangi, harufu na umbo. Kinachobaki na sauti ni lebo. Ua jekundu na ua la manjano baada ya miaka 50 yote huwa ya kahawia, na kama mkusanyaji hakuandika neno moja, neno hilo halirudi. Wapenzi wa tenzi wanaelewa jambo hili upesi zaidi kuliko watu wengine, maana wanajua maana ya utenzi uliobakia katika nakala moja, yenye beti zilizoliwa na mchwa.

Nakala hizo nazo zina masaibu yake. Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo na elimu ya viumbe huko Amani, Usambara, mwaka 1902, na nyingi katika sampuli za wakati wao zilipelekwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hebaria ya Berlin-Dahlem, na sehemu kubwa ya karatasi zake ikateketea kwa moto. Sampuli zilizobaki Amani zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, zikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki. Baadaye Tanzania ikajijengea hazina zake, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Arusha, na wakatokea Watanzania walioifanya kazi hii kwa miaka mingi, kama Leonard Mwasumbi wa Dar es Salaam na Christopher Ruffo wa Lushoto. Hata hivyo mtu wa Kasulu anayetaka kuona mimea ya Kasulu iliyokusanywa zamani itambidi asafiri, au amwombe mtu wa Ulaya amtumie picha.

Kwa mimea yenye majani manene kuna tatizo jingine, ambalo laelekea kuwa chanzo cha nusu ya uadimu wote unaosemwa. Mimea hii haipendi kukaushwa. Jani la mshubiri limejaa maji na ute. Likiwekwa kati ya magazeti huoza, au hukataa kufa kabisa. Wakusanyaji wamesimulia mara nyingi jinsi mmea ulivyoendelea kutoa chipukizi ndani ya mashine ya kushindilia, wiki kadhaa baada ya kung'olewa. Inabidi jani lipasuliwe, nyama yake ikwanguliwe, au mmea utumbukizwe katika maji ya moto au spiriti kwanza ili ufe. Ua huwekwa katika chupa. Msafiri anayepita Kibondo na mizigo ya watu 20, au na Land Rover moja yenye tairi bovu, atakusanya mimea kumi ya majani laini katika muda ambao angeutumia kwa mshubiri mmoja. Kwa hiyo mshubiri huachwa. Miaka ikipita, mtu anafungua kabati, anakuta karatasi mbili, anasema: mmea huu ni adimu. Huenda ni adimu kweli. Huenda pia ulikuwa mwingi na kila mtu aliona taabu kuukausha.

Kuna na msimu. Wasafiri wa zamani walikwenda Uha wakati barabara zinapitika. Mshubiri wa kitunguu huonekana kwa wiki chache tu. Kabla ya hapo haupo machoni, na baada ya hapo ni nyasi kati ya nyasi. Karatasi iliyopo kabatini ni ushahidi wa mtu na ua kukutana siku moja. Kukosekana kwa karatasi hakushuhudii lolote.

Albert Peter, profesa wa Göttingen, ndiye mmoja wa wale ambao nyayo zao zinasomeka mpaka leo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, naye akaendelea kukusanya mimea vita vikiendelea, mpaka mwaka 1919. Akarudi Tanganyika mwaka 1925 na 1926, akiwa amevuka umri wa miaka 70, na safari hiyo ikamfikisha magharibi ya nchi. Baada yake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipita barabara ya Kibondo na Kasulu Bernard Verdcourt wa hebaria ya Nairobi, mtu aliyejua mimea na konokono kwa kiwango kimoja. Lebo za wakati huo huandika wilaya kuwa Buha, na umbali kwa maili: maili kadhaa kutoka Kibondo kwa njia ya Kasulu. Maneno hayo yalitosha kwa aliyeyaandika. Njia ilikuwa moja, na kila aliyeendesha gari alianza kuhesabu kutoka bomani.

Leo njia si ile. Imenyooshwa na kupanuliwa, na penye kupanuliwa njia, kingo zake ndizo zinazochimbwa kwanza. Na ni kwenye kingo hizo hizo wakusanyaji waliokuwa na haraka waliposimamisha gari. Wilaya ya Buha haipo. Kibondo na Kasulu zilikuwa wilaya, na mwaka 2012 zikamegwa tena zikazaliwa Kakonko na Buhigwe. Anayetafuta mimea ya Kakonko katika kumbukumbu za kabla ya mwaka huo hatapata kitu, ingawa vilima ni vile vile na mto ni ule ule.

Watu nao walihamishwa, na hili ni zito kuliko barabara. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa sehemu kubwa za Uha katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoenezwa na ndorobo. Vilima vilivyoachwa vikarudi kuwa pori. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu waliotawanyika wakahamishiwa katika vijiji. Kisha toka mwaka 1993 wakaja wakimbizi wa Burundi kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1996 wa Kongo. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka huo katika wilaya ya Kasulu, na kwa miaka mingi ilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya mkoa. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko zilifunguliwa upya wakimbizi walipoongezeka tena kuanzia mwaka 2015, na Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Hapana mwenye haki ya kumlaumu mama aliyevuka mpaka na watoto watatu kwa kuwa alikata kuni au alilima robo eka ya mahindi. Lakini kitunguu cha mshubiri kilichokuwa mahali hapo, kama kilikuwapo, hakikujua sababu.

Basi lebo iliyoandikwa jina la kijiji katika miaka ya 1920 yaweza kutaja kijiji ambacho hakuna mtu amelala humo tangu utoto wa babu wa mtu. Jina limebaki Berlin au Kew. Mahali pamebaki bila jina, au pamepewa jingine. Mara nyingine karatasi ya mmea ndiyo maandishi pekee yanayokumbuka kwamba pale palikuwa na kijiji. Wanahistoria wa Uha wangefaidika kuzisoma lebo hizo, na haielekei kwamba wengi wao wamewahi kuingia kwenye chumba cha mimea.

Watu wa pwani wanawajua Waha kwa njia nyingine, ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipandikizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilipofika pwani ya Pangani baada ya kuzunguka kupitia Hamburg vilikuwa vimebaki hai 62. Mkonge nao ni mmea wa majani manene yanayohifadhi maji, mgeni kutoka Meksiko, na kila mtu anajua idadi ya vile vilivyonusurika. Kutokana na hivyo 62 nchi ilifikia kuuza nje zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka ilipofika mwaka 1964. Waliokata majani hayo huko Tanga na Korogwe walitoka mbali, na Uha ilikuwa mojawapo ya machimbuko ya vibarua hao. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba.

Namba ya kibarua na namba ya mkusanyaji zilitungwa na ukarani wa zama moja. Kila sampuli ina namba yake, ili mtu aweze kuitaja bila kuielewa. Tofauti ni kwamba namba ya sampuli ilitunzwa kwa uangalifu mkubwa, na mwenye kutaka kujua sampuli fulani iko kabati gani ataambiwa. Ilhali mjukuu wa manamba aliyefia Korogwe, akitaka kujua babu yake alizikwa wapi, hana kabati la kufungua. Vijana wa Kasulu walikwenda kwa miguu na kwa treni kuuhudumia mmea mgeni uliohesabiwa moja moja, wakauacha nyuma mshubiri wa kwao ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu. Hapa shubiri ya washairi inarudi bila kuitwa.

Visiwani wapo watakaosema kwamba habari hizi ni za bara na haziwahusu. Nao wana mishubiri yao iliyopotezwa na lebo. Katika karne ya 19 madalali wa London waliuza shubiri iliyojulikana kwa jina la Zanzibar, imefungwa katika ngozi. Utomvu wenyewe uliaminiwa kutoka Sokotra na nchi za jirani yake, na Unguja ulipita tu kama mzigo mwingine wowote. Mmea nao ukapatwa na jambo kama hilo. Mshubiri mmoja mdogo uliofika Kew ukisemwa umetoka Zanzibar ulikuja kuitwa Aloe zanzibarica, na jina likakaa vitabuni kwa miaka, mpaka ilipoonekana kwamba ni mmea wa Sokotra uliokwisha kuwa na jina lake. Mwingine ulichukuliwa Massawa, Eritrea, ukaitwa Aloe massawana mwaka 1959, na leo unahesabiwa kuwa mzaliwa wa pwani ya Waswahili. Mmoja ulipewa jina la visiwani usiostahili, mwingine ukanyimwa nasaba ya pwani uliyostahili, na yote mawili kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi: mahali. Pemba ilingoja mpaka mwaka 1998 ndipo L. E. Newton alipoutangaza Aloe pembana, mshubiri wenye haki ya jina lake.

Makosa ya Unguja yalisahihishwa kwa sababu wapo waliotazama. Pwani ina wageni, ina vyuo, ina watu wenye nafasi ya kubishana juu ya mmea. Uha haijapata wabishi wa namna hiyo.

Toka mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kupiga picha sampuli za msingi za mimea ya Afrika, yaani zile ambazo majina yamefungwa kwazo, karatasi nyingi zimekuwa zikionekana kwenye kompyuta. Ni jambo jema, na mwanafunzi wa Kigoma mwenye intaneti leo anaweza kuona kwa dakika tano alichokuwa akikiona profesa wa Ulaya peke yake. Lakini kompyuta inataka nukta kwenye ramani, na lebo ya zamani haina nukta. Palipoandikwa Kasulu tu, mara nyingi nukta huwekwa katikati ya wilaya au katikati ya mji. Hivyo mmea wa miyombo huonekana kana kwamba umeota sokoni, kati ya wauza maharage na mafundi baiskeli. Asiyejua ataamini. Mtaalamu wa ofisini atachora duara kuizunguka nukta hiyo, ataangalia picha ya setilaiti, ataona mabati, ataandika kwamba makao ya mmea yameharibiwa. Na pengine mmea wenyewe umetulia ardhini kwenye kilima kilicho kilomita 30 kutoka hapo, ukingoja moto wa Septemba.

Jambo hili lina uzito wa sheria pia. Mishubiri yote ya porini, isipokuwa ule wa kawaida wa Aloe vera, imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kuvuka mpaka na mshubiri wa Kibondo bila kibali ni kosa. Kuuzika chini ya trekta hapo hapo Kibondo si kosa. Wahifadhi wanaopanga kipi kilindwe hufanya kazi kwa kumbukumbu, na mmea usio na kumbukumbu hauna wakili. Wanaosema kwamba kukusanya karatasi ni mchezo wa wazee wa Ulaya hawajaona jinsi barabara, shamba na kambi zinavyopangwa: ramani huletwa mezani, na kisichokuwa na alama juu yake hakiulizwi.

Kuna sehemu moja ya lebo ambayo inastahili kutazamwa na watu wa lugha kuliko wataalamu. Hebaria nyingi zilikuwa na mahali pa kuandika jina la kienyeji. Wakusanyaji wengine walijaza, wengi waliharakisha. Jirani upande wa Rwanda mshubiri huitwa igikakarubamba, neno refu lenye mwendo wa ngoma, na mtu hawezi kuamini kwamba Kiha, lugha yenye majina ya kila rangi ya ng'ombe, haina neno kwa mmea unaotoa ua juu ya majivu. Aliyelijua neno hilo aghalabu alikuwapo. Alikuwa mpagazi aliyebeba magazeti ya kukaushia, au kijana aliyeonyesha njia, au mwanamke aliyesimama na jembe kumtazama mgeni akichimba kitunguu kisicholiwa. Hakuulizwa, au aliulizwa kwa Kiswahili cha askari, akajibu lolote ili mgeni aondoke.

Kazi iliyobaki haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu awe Kibondo au Kasulu mwishoni mwa Septemba, nyika ikiwa imeungua na kabla ya mvua ya kwanza, atembee mbali na barabara asubuhi mapema. Akiona kikonyo cha ua juu ya ardhi nyeusi asing'oe kitunguu kama viko viwili vitatu tu. Apige picha, aandike rangi kabla jua halijaibadili, achukue ua moja aliweke katika spiriti, jani moja alipasue na kulikausha. Aandike jina la kilima kama wanavyolitamka wenye kilima, si kama lilivyo kwenye ramani ya serikali. Kisha amtafute bibi anayelima jirani na hapo, amwamkie kwa Kiha, akae chini, angoje mpaka habari za nyumbani na za watoto ziishe, ndipo amwonyeshe ua na kumwuliza: hili mwaliitaje?